Mashine ya Upepo

Kabla Barabara ya Outer Ring jijini Nairobi haijapanuliwa, gereji za jua kali zilijipanga kandokando ya lami upande wetu wa mtaa wa Fedha, si mbali na pale Taj Mall ilipokuwa kabla ya kubomolewa 2018. Mimi nilikuwa spana boi katika mojawapo, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne.

Kazi iliyotutesa ilikuwa magurudumu ya matatu za Isuzu. Vumbi, matope na joto la breki vilifanya nati zishikane na studi kama zimechomelewa. Tulivalisha spana bomba refu la chuma, mmoja akalikanyaga kwa uzito wake wote, mwingine akashikilia spana isichomoke. Ilichomoka. Mwenzangu alichanika vidole vya mkono wa kulia mpaka mfupa ukaonekana, akafunga kitambaa, akarudi kwenye gurudumu kwa sababu dereva alikuwa akilalamika kwamba tripu zinampita.

Kisha Mzee, mwenye gereji, akanunua kompresa ya mtumba na mashine ya upepo ya kufungulia nati. Ndani yake mna nyundo ndogo zinazozunguka na kugonga mfululizo, na kugonga huko ndiko kunakotikisa kutu mpaka iachie, bila mtu kuning'inia kwenye bomba. Ilitaka upepo wa paundi 90 hivi, kwa hiyo tulingoja tangi lijae. Lakini gurudumu lililokuwa likila asubuhi yetu nzima sasa lilitoka chai ikiwa bado moto. Stima ikipotea, tulirudi kwenye bomba.

Kufunga, hata hivyo, kulianza kwa vidole. Nati ikikataa vidoleni, thredi zimepishana, na mashine itazisaga tu. Kukaza kwa mwisho kulikuwa kwa spana. Tena kwa Isuzu zile, nati za upande wa kushoto hufunguliwa kwa kugeuzia kulia. Ukisahau, mashine inazidi kukaza mpaka studi ikatike.

"Kijana, soma studi kwanza," Mzee alisema, akipangusa grisi kwa kidole gumba mpaka herufi L, alama ya thredi za kushoto, ionekane.

Upanuzi wa barabara, kilomita 13, ulituondoa pale. Mwenzangu yule ana kibanda chake cha pancha Tassia sasa, na mashine ya betri isiyotaka kompresa. Nilipomtembelea niliangalia mikono ya vijana wake. Ilikuwa mizima, na hilo lilinifurahisha kuliko mashine yenyewe.