Je, Vijana Wetu Waione "The Exorcist"?



Juma hili tumepokea barua kutoka kwa viongozi wa vijana wa sekondari wa parokia yetu. Imeandikwa kwa adabu, imegongwa mhuri, na ndani yake mna ombi moja tu: wapewe ukumbi na projekta Jumamosi moja jioni ili waitazame sinema iitwayo The Exorcist. Wametoa sababu tatu. Kwanza, ni sinema inayohusu mapadre. Pili, ni sinema ya zamani inayoheshimiwa duniani kote, si ya kihuni. Tatu, na hapa ndipo tulipocheka, wengi wao wamekwisha kuiona, kwa hiyo hakuna kitakachoharibika. Siku mbili baada ya barua hiyo alifika ofisini mama mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akatuambia kwamba sinema hiyo ikionyeshwa hapa, mwanawe hatakanyaga tena ukumbini. Tumeona vema kulijibu jambo hili mbele ya wote, kwa maana linawagusa wazazi wengi kuliko hao wawili.

Tuseme mapema kwamba sisi hatuichukii sinema hiyo. Tuliiona mara ya kwanza tungali waseminari, katika mkanda wa video uliochakaa, na usiku ule taa ya bweni letu haikuzimwa. Mwezi huu tumeitazama tena, kwa saa zake mbili zote, tukiwa na kalamu mkononi. Ilitolewa nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 1973, ikiongozwa na William Friedkin, kutokana na riwaya ya mwaka 1971 ya William Peter Blatty. Blatty alikuwa Mkatoliki aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Wajesuti cha Georgetown, na riwaya yake ilichochewa na habari za mvulana mmoja wa Marekani aliyepungwa pepo mwaka 1949. Tena, yule rafiki wa padre katika sinema, anayeitwa Padre Dyer, aliigizwa na Mjesuti wa kweli, William O'Malley. Haikutengenezwa na watu wanaoidharau imani yetu.

Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni hili: sehemu kubwa ya sinema hiyo hufanyika hospitalini. Binti Regan, mwenye umri wa miaka 12, anapoanza kubadilika, mama yake hamkimbilii padre. Anampeleka kwa madaktari. Anapigwa picha za ubongo, anachomwa sindano shingoni, anapelekwa kwa wataalamu wa maradhi ya akili. Padre Karras mwenyewe ni daktari wa maradhi ya akili, na muda mrefu hasadiki kwamba binti ana pepo. Anafanya hata jaribio la ujanja: anamnyunyizia maji ya bomba huku akimwambia ni maji ya baraka, naye anapiga mayowe kana kwamba ameungua. Kwa Karras huo ni ushahidi wa kukanusha, si wa kuthibitisha. Ni baada ya hayo yote ndipo anapokwenda kwa Askofu. Utaratibu huo ndio wa Kanisa. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa haimruhusu padre yeyote kumpunga mtu pepo pasipo ruhusa mahususi ya Askofu, na Katekisimu, kifungu cha 1673, inataka kwanza ihakikishwe kwamba si ugonjwa. Nasi tungefurahi kama kila mtu wa Ilala angelijua hilo.

Basi kwa nini tunasita?

Sababu moja ni nyepesi, nasi hatutaikawiza. Mna matusi mazito, na mna tendo la kukufuru msalaba ambalo hatuwezi kulieleza hapa, analotendeshwa mtoto wa kike. Mwigizaji wake, Linda Blair, alikuwa binti wa miaka 13 na 14 walipokuwa wakipiga picha. Huko Marekani sinema hiyo iliwekwa katika daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Uingereza, mwaka 1974, iliruhusiwa kwa watu wazima peke yao. Na baada ya sheria yao ya video ya mwaka 1984, bodi ya huko iliinyima kibali cha kuuzwa kwa ajili ya nyumbani hadi mwaka 1999. Hapa kwetu ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na ukumbi wa parokia si sebule ya mtu. Tukionyesha jambo hadharani, tunajibu hadharani.

Hata hivyo daraja la umri peke yake halitushawishi sana. Wazee wetu wanaozikumbuka Avalon, Empire, Empress, Odeon na Cameo wanakumbuka pia kwamba wakati wa mkoloni wapo waliokaa kuamua sinema ipi Mwafrika aione na ipi asiione, kana kwamba mtu mzima mwenye wake na watoto ni mtoto mdogo. Tangu hapo neno "haifai" lina ladha mbaya kinywani, na anayelitamka yampasa atoe sababu.

Tena vijana wana haki wanaposema wamekwisha kuiona. Mtoto wa Kariakoo haisubiri bodi. Baba zao walikwenda katika mabanda ya video, wakasikiliza sinema za Kizungu, za Kihindi na za Kichina zikisimuliwa kwa Kiswahili na mabingwa kama marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana mji mzima kwa jina la Lufufu. Baadaye zikaja santuri za DVD, tano kwa moja, zilizopangwa juu ya turubai kando ya Mtaa wa Congo. Sasa ni simu tu. Na si sinema pekee. Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu kufukiwa, watoto wetu waliyaona hayo kwenye simu kabla sisi hatujavaa viatu. Hatuwezi kujifanya kwamba kijana wa miaka 15 anayeishi Gerezani au Buguruni hajui kutishika.

Kijana mmoja alituonyesha nakala aliyonayo, yenye sauti ya msimulizi asiyejitaja jina. Tulimwomba tuisikilize pamoja. Sehemu za hospitali zimekatwa karibu zote. Pale daktari anapoonekana kwa dakika chache, msimulizi anasema dawa za Kizungu zimeshindwa, na mara tunafika kwa padre. Maji ya bomba hayamo. Mashaka ya Karras hayamo. Kilichobaki ni binti anayetapatapa kitandani, sauti nzito, na watu wazima wawili wanaopiga kelele za sala. Hiyo ndiyo The Exorcist waliyoiona vijana wetu. Na hapa ndipo penye neno letu lenyewe.

Katika parokia yetu wamo vijana wenye kifafa. Mmoja wao anaandaliwa kwa ajili ya Kipaimara, na mama yake ameturuhusu kulisema hili pasipo jina. Mwaka jana alianguka katikati ya mafundisho. Alikakamaa, akatoka povu, akajikojolea. Katekista alijua la kufanya: alimlaza ubavu, akaondoa viti, akasubiri. Lakini wenzake wawili walikwisha kukimbia, na mmoja alikuwa juu ya benchi akipiga mayowe ya "toka kwa jina la Yesu". Alipozinduka, maneno hayo ndiyo aliyoyasikia kwanza. Kwa majuma matatu hakurudi. Sasa tujiulize: tukiwakusanya vijana 80 gizani, tukawaonyesha binti wa umri wake akitikisika kitandani kwa nguvu za shetani, siku atakapoanguka tena watamtazama kwa macho gani?

Hatulitungi. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alikuta tangu miaka ya 1960 wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakila peke yao na kulala peke yao, kwa kuwa jamaa zao waliogopa povu lao na pepo lao. Alianzisha kliniki, akawapa vidonge, na wengi wao wakaacha kuanguka. Kinyume chake, huko Kashasha karibu na Bukoba, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka pasipo kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, walikuwa wameshikwa 95 kati ya 159. Hapakuwa na sumu wala kijidudu. Hofu na dhiki ya mioyo ya vijana hupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kama moto wa mabua, na walimu wetu wa sekondari, ambao kila baada ya muda huona wasichana wakianguka kwa makundi darasani, hawahitaji kuambiwa.

Katika kikao chetu na vijana, msichana mmoja wa Kidato cha Nne alituuliza swali gumu. Alisema: "Baba Paroko, mbona Injili ya yule kijana mwenye pepo mnatusomea kila mwaka, na hakuna aliyesema haitufai?" Ukumbi ukanyamaza, kisha wakampigia makofi. Tulimjibu hivi. Katika simulizi hilo, ambalo Mathayo wa Biblia yetu ya Kiswahili analiita waziwazi kifafa, anayesemeshwa kwa muda mrefu ni baba wa mtoto. Uchungu wake ndio unaotushika. Mtoto hatazamwi kwa ajili ya kuburudisha, na mwishoni anashikwa mkono na kuinuliwa. Sinema inamweka binti mbele ya macho yetu saa nzima, kwa ukaribu, ili tutetemeke. Msomaji wa Injili husimama na yule baba. Mtazamaji wa The Exorcist, hasa wa ile nakala iliyokatwa, husimama mlangoni akichungulia. Hakuridhika sana. Alisema mtu mwenye akili anaweza kusimama na mama yake Regan. Ni kweli, na kwa msichana huyo pengine sinema hiyo haina hatari yoyote. Ila barua haikuomba kwa ajili yake peke yake. Iliomba kwa ajili ya wote, kuanzia wa miaka 13.

Kwa hiyo tumeamua kwamba The Exorcist haitaonyeshwa kwa vijana katika ukumbi wetu. Itaonyeshwa kwanza kwa wazazi, makatekista na walezi, nzima, pamoja na hospitali yake yote. Mzazi akishaiona na kumwona mwanawe wa miaka 17 kuwa amekomaa, na waitazame nyumbani, sebuleni, taa ikiwaka. Hilo ni la mzazi.

Hata hivyo vijana hawataondoka mikono mitupu. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya dini, ya maadili au ya sanaa. Katika fungu la sanaa imo sinema ya kutisha: Nosferatu ya Mjerumani F. W. Murnau, ya mwaka 1922. Haina sauti wala rangi. Ni habari ya bwana mmoja wa ng'ambo, mrefu, mwenye kucha na masikio ya kutisha, anayenyonya damu za watu na kuleta tauni pamoja na panya katika mji wa bandari. Mzee yeyote wa Kariakoo atasema palepale: huyu ni mumiani. Bibi zetu waliwatisha watoto kwa mumiani wakati wa Mwingereza, wasitembee usiku, wasije wakakamatwa na kukamuliwa damu.

Mahali tunapotaka vijana wapatazame kwa makini ni pale tauni inapouzidi mji. Watu wanatafuta wa kulaumiwa. Wanamkumbuka Knock, mzee aliyepungukiwa akili, wanaanza kumkimbiza na kumtupia mawe. Wanatoka nje ya mji, wanaona kitu shambani, wanakivamia na kukirarua vipandevipande. Kumbe ni sanamu ya kufukuzia ndege. Mwaka huohuo wa 1995 Vatikano ilipotoa orodha yake, hofu ya popobawa ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, ikatufikia na sisi Dar es Salaam. Watu walilala nje makundi kwa makundi. Huko Unguja umati ulimkamata mtu mwenye maradhi ya akili ukidai ndiye popobawa, ukamuua. Yeye hakuwa sanamu ya shambani. Tutasimamisha projekta hapo, tuzungumze.

Itakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi jioni, madirisha wazi. Muuguzi mmoja wa parokia yetu atazungumza nusu saa juu ya kifafa na namna ya kumsaidia aliyeanguka, na yule kijana wa Kipaimara ameomba mwenyewe awepo. Viongozi wa vijana wamekubali, kwa sharti: wakivumilia sinema bubu ya Kijerumani, nasi tuwaruhusu mwezi unaofuata wachague ya Kibongo. Wamekwisha kuitaja Shumileta ya Mussa Banzi, ya mwaka 2005, yenye jini wa kike. Tumewaambia watuletee nakala kwanza, tuione nzima.