Mchongaji wa Viumbe Wachekeshao

Mtu wa Mlabani, Ifakara, humjua sheshe wa bonde la Kilombero kwa jina na kwa sura. Akisafiri kwenda Dar es Salaam na kuingia katika duka la vinyago, ni nadra kumkuta sheshe huko. Atakuta tembo, twiga na simba, safu kwa safu, kimo kimoja, maana hao ndio watakwao na wageni. Wanyama hao hawakuchongwa na jicho lililowaona. Walichongwa na soko.

George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, hakuifuata njia hiyo. Katika miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, na kwa msaada wa jamaa yake, Augustino Malaba, akapata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku! Ustadi wake ulipojulikana, mlinzi wa mlango aliingia ndani kwa heshima ya msanii.

Viumbe wake ni wa ukoo wa mashetani, ambao Samaki Likankoa aliwafungulia njia katika mpingo tangu miaka ya 1950. Lakini mashetani wa Samaki hutisha; wa Lilanga huchekesha. Wana masikio mapana kama ya mnyama, matumbo yaliyotuna, midomo iliyofumka, na miguu mikubwa yenye vidole viwili au vitatu. Wanacheza ngoma, wanapiga soga, wanateta. Kwa neno moja, ni majirani. Aliwachonga katika mti mwepesi akawapaka rangi kali. Mpenzi wa mpingo mweusi huenda akaona huo ni utovu wa adabu, lakini barakoa za mapiko nazo zilipakwa rangi, na kicheko cha ngomani hakikuwa kitu duni kwa Wamakonde.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, sifa ikaenea. Kisha kisukari kikampokonya miguu yeye aliyewapa viumbe wake miguu kupita kiasi. Hakuacha kazi, vijana walimsaidia, na wanunuzi wangali wakibishana kipi kilitoka mkononi mwake na kipi mikononi mwao. Ubishi huo ni wa bei kuliko wa sanaa.

Alifariki mwaka 2005. Viumbe wake wengi wamo katika mikusanyo ya ng'ambo, na kijana wa Mlabani atakaye kucheka nao hana budi kuwatazama pichani.