Safari ya Tarime na Ikoma: Njaa na Utumwa

Wasomaji wetu, mara nyingi tusikiapo neno utumwa, fikira zetu huenda pwani: Kilwa, Bagamoyo, na soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873. Nao wako wasemao ya kuwa nchi ya Mara haikuguswa na jambo hilo, kwa kuwa misafara mikubwa ya pwani ilipita mbali, Tabora na Ujiji. Basi twataka kuwachukueni katika njia itokayo Tarime mpaka Ikoma, mpate kuona jinsi utumwa ulivyofika huku pasipo mnyororo hata mmoja.

Tarime ni nchi ya juu, yenye baridi ya asubuhi, migomba na mahindi. Wenyeji wake ni Wakurya, ambao ndugu zao wakaa hata ng'ambo ya mpaka, katika Kenya. Njia yashuka kwa Nyamwaga na Nyamongo, penye machimbo ya dhahabu, hata yafika Mto Mara. Mto huu watoka vilima vya Mau katika Kenya, wapita mbuga za wanyama, kisha wajimwaga katika Ziwa Nyanza. Ukiisha kuuvuka umeingia wilaya ya Serengeti. Mbele yako ni Mugumu, na kupita Mugumu ni Ikoma, ukingoni mwa mbuga kubwa.

Huku wakaa Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waisenye, pamoja na Wakurya waliohamia. Mvua ya upande huu si ya kutumainiwa. Kwa sababu hiyo wazee wa kale walishika kazi tatu pamoja: kulima, kufuga na kuwinda, ili moja ikikosa nyingine iwalishe. Tena walikuwa na biashara na Wasukuma wa kusini. Waliwapelekea nyama kavu, ngozi na mikia ya nyumbu, wakarudi na nafaka. Usukuma ulikuwa kama ghala yao katika miaka mibaya.

Hata ilipofika miaka ya 1890 mabaya yalikuja yakifuatana. Sotoka ilishuka toka kaskazini ikaua karibu ng'ombe wote wa Wamasai na wa jirani zao. Ndui ikafuata, na njaa ikafuata ndui. Mwaka 1892 msafiri mmoja Mwaustria, jina lake Oscar Baumann, alipita Ngorongoro akielekea Nyanza. Katika kitabu chake ameandika jinsi Wamasai waliokonda kwa njaa walivyomletea watoto wao awanunue kwa kipande cha nyama. Alipokataa, baadhi yao waliwaficha watoto karibu na kambi, kisha wakaenda zao.

Ndugu, tusiwahukumu upesi wazazi wale. Wahenga walisema, mwenye njaa hana miiko. Lakini hawa walikuwa na mwiko mmoja uliobaki: mtoto asife. Wakamwacha mahali walipoona moto na chungu.

Hali ya Ikoma na jirani zake haikuwa mbali na hiyo. Wazee husimulia ya kuwa nyama na mikia ilipokwisha, watu walikwenda Usukuma na watoto, wakawaacha huko wapate nafaka ya kuwaponya waliobaki nyumbani. Wengine waliwekwa kama rehani, wakombolewe mvua itakaporudi. Mvua ilirudi, lakini si wote waliokombolewa, maana wazazi wengine walikuwa wamekwisha kufa, na wengine hawakuwa na mbuzi wala ng'ombe wa kulipa.

Je, watoto hao walikuwa watumwa? Wako waliotunzwa vema, wakaoa na kuolewa, wajukuu wao wakawa watu wa ukoo uliowapokea. Hayo hayakufanana na mambo ya bahari ya Atlantiki, ambako Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa merikebuni, na mtoto wa mtumwa alizaliwa mtumwa kwa sheria, mpaka Marekani ilipokomesha jambo hilo mwaka 1865, na Brazili mwaka 1888.

Lakini angalieni kitu kimoja. Katika nchi zetu ngao ya mtu ni jamaa zake. Akipigwa, ndugu zake huuliza. Bibi arusi akionewa, hukimbilia kwa baba yake. Mtoto aliyetolewa kwa nafaka hakuwa na wa kumwulizia, wala kwa baba pa kukimbilia. Bwana akiwa mwema, alikula na kulala. Bwana akiwa mbaya, aliweza kumwuza tena, na njia za pembe za ndovu zilitoka Usukuma mpaka Tabora, na Tabora mpaka baharini. Usalama wake wote ulikuwa katika moyo wa mtu mmoja, na hapo ndipo ulipo utumwa.

Baadaye Wajerumani walijenga boma lao Ikoma. Utawala wao haukuufuta utumwa wote. Mwaka 1904 walitoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuukomesha kabisa katika Tanganyika ilitolewa na Waingereza mwaka 1922. Kisha mwaka 1956 mataifa yalifanya mapatano Geneva, yakataja miongoni mwa mambo yafananayo na utumwa tendo la mzazi kumtoa mtoto kwa mtu mwingine ili atumikishwe kwa dhuluma. Nayo Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia biashara ya watu mwaka 2008.

Kwa nini tumewaeleza haya yote? Kwa sababu njaa haijafa. Katika mwaka wa ukame huweza kufika mgeni mwenye maneno matamu: nipeni binti yenu, nitamsomesha mjini, naye atasaidia kazi ndogo za nyumbani. Wenye nyumba, mwulizeni mgeni huyo mambo matatu. Atakaa kwa nani? Akitaka kurudi, atarudi kwa njia gani? Na nani wa kwetu atakwenda kumwona? Asipoyajibu, mtoto asitoke. Nanyi waalimu, jina likikosa kuitikiwa darasani siku mbili tatu, nendeni mpaka nyumbani kwao mkaulize.

Tena neno moja la mwisho. Wako watu ambao katika ugomvi humtukana mwenzao kwamba babu yake alinunuliwa kwa mtama. Tusikubali tusi hilo katika nyumba zetu. Mtoto yule hakuwa na kosa lolote. Alibebeshwa njaa ya wengi, na kwa nafaka yake waliobaki nyumbani walipona. Huenda wewe usomaye habari hii ni mzao wao.