Ndia Kuu

Msomaji wangu, mgeni afikaye Mombasa kwa mara ya kwanza hukimbilia Ngome ya Yesu, wala halaumiwi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira mwaka 1696, wakaitwaa mwaka 1698. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958, kisha ikawa makumbusho. Hayo utayapata katika kitabu chochote cha historia. Mimi nataka utoke nami langoni, tuingie katika mji ulioiegemea Ngome hiyo, yaani Mji wa Kale, kwa kuwa humo ndimo nilimoaibika.

Mji wenyewe si mkubwa. Mtu mwenye miguu mizima huuzunguka wote kabla jua halijawa kali. Nyumba zake za mawe na chokaa zimesongamana hata roshani za juu hukaribia kupeana mikono, na milango yake ya mbao imechongwa kwa subira ambayo sisi wa leo hatunayo. Msikiti wa Mandhry husemekana ulijengwa mwaka 1570, kabla ya Ngome yenyewe. Asubuhi vichochoro hunukia mahamri na mbaazi. Jioni muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe vyake, na wazee walioketi barazani humsikia kabla hawajamwona. Barazani ndipo mji unapojijua. Hapo huulizwa nani mgonjwa, nani amesafiri, na kijana yule apitaye bila ya kutoa salamu ni mtoto wa nani.

Mimi si mzaliwa wa pwani. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilipelekwa kisiwani Mombasa kufundisha kwa majaribio, na somo langu lilikuwa Kiswahili. Nilikuja nimejaa sarufi kama gunia la mchele. Wiki ya kwanza niliwapa wanafunzi insha. Mmoja wao, mtoto wa Mji wa Kale, aliandika kwamba alipokuwa “ndiani” aliona kitu “kwa mato yake”. Nilipiga mistari kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni, kwa herufi kubwa: “Hiki si Kiswahili.” Nakiri kwamba nilijisikia mtu mwenye elimu siku ile.

Jumamosi yake nilikwenda kuitazama Ngome. Wakati wa kurudi nilijitia ujuzi, nikakata vichochoroni, nikapotea. Nilipita mbele ya baraza moja mara mbili. Mara ya tatu mzee mmoja alicheka, akaniita: “Wapotea ndia, mwanangu? Ndoo, keti kitako.” Nikapewa kahawa chungu na kipande cha kashata, kisha nikaulizwa nitokako na kazi yangu. Niliposema kwamba nafundisha Kiswahili, wazee walitazamana, lakini adabu yao haikuwaruhusu kusema neno. Yule mzee alinyosha mkono tu: “Fuata kichochoro hiki hata mwisho. Utatokea Ndia Kuu.”

Nilikifuata, nikatokea barabarani, na jina lake lilikuwa limeandikwa ukutani: Ndia Kuu. Nilisimama pale kama mwizi aliyeonyeshwa mali aliyoiba. Mji mzima hupita juu ya neno nililolikata kwa wino mwekundu.

Nilipochunguza baadaye nilijua kwamba ndia, mato na mtele si makosa ya ulimi. Ni maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, aliyoitungia mashairi Muyaka bin Haji katika karne ya 19, kabla hakujawa na shule hata moja ya kutusahihisha. Mkutano ulioichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na, msomaji, ulifanyika papa hapa Mombasa. Siupingi uamuzi huo. Bila ya lugha moja ya vitabu, mimi mtu wa bara na wewe usomaye huenda tusingeelewana. Lakini waliochagua kipimo hawakusema kwamba kisichopimwa nacho si kitu. Neno hilo niliongeza mimi.

Jumatatu nililiomba daftari la yule mwanafunzi, nikayakata maandishi yangu ya pembeni kwa wino ule ule mwekundu, nikamweleza sababu mbele ya wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Sasa mwalimu, niandike njia ama ndia?”

“Katika mtihani andika njia.”

“Na nyumbani?”

“Nyumbani sema kama mama yako asemavyo.”

“Afadhali,” akasema, “kwani nikisema njia, mamangu huniteka.”

Darasa zima likacheka. Mimi nilinyamaza kidogo, nikilitafuta neno hilo kichwani, nikacheka baada yao.