Rubani Akae Wapi: Dar, Arusha, Mwanza au Unguja?

Unapopanda ndege ya rafadha asubuhi kwenda Songea au Bukoba, aghalabu hujiulizi rubani wako ameamkia wapi. Unamwona na shati lake jeupe, anapita, mlango unafungwa, safari inaanza. Walakini mahali alipoamkia, na saa aliyoamka, ni jambo linalokuhusu wewe abiria kama linavyowahusu watoto wake nyumbani.

Rubani wa safari za ndani si kama baharia anayepotea miezi. Kwa siku moja aweza kuruka na kutua mara nne au zaidi, kisha jioni akarudi pale pale alipoanzia. Mahali hapo ndipo panapoitwa kituo chake. Kituo hupangwa na shirika, wala si na rubani. Kwa hiyo kijana anayemaliza mafunzo, anapochagua shirika la kuombea kazi, amekwisha kuchagua na mji. Kinachobaki mikononi mwake ni mtaa, na huko kwenye mtaa ndiko wengi wanakopotelea. Hebu tuizungukie miji minne ya kwetu, tuone kila mmoja unampa nini rubani na unamdai nini.

Dar es Salaam

Kiwanja cha Julius Nyerere kipo Kipawa, kiasi cha kilomita 12 kutoka katikati ya jiji. Hapa ndipo makao ya Air Tanzania na Precision Air. Anayetaka kuendesha Dash 8 Q400 yenye viti 76, ama ATR, hana budi kujiandaa kuwa mkazi wa Dar es Salaam. Faida zake ni nyingi. Ndege kubwa zipo hapa, hivyo mwenye nia ya kupanda cheo haoni haja ya kuhama tena. Shule zipo za kila namna, hospitali kubwa zipo, na mwenzi wake naye aweza kupata kazi.

Shida ya Dar es Salaam ni barabara. Rubani mwenye safari ya saa 12 asubuhi hutakiwa kufika kazini kiasi cha saa nzima kabla. Akiwa amepanga Tegeta au Mbezi Beach kwa kupenda upepo wa bahari, itambidi aamke saa 9 usiku, avuke jiji zima kupita Mwenge, Ubungo na Buguruni. Alfajiri njia ni nyeupe, lakini jioni anaporudi hukutana na malori ya bandarini katika Barabara ya Mandela, akasimama nayo. Mwenzake aliyepanga Segerea, Kinyerezi au Ukonga husikia ngurumo za ndege mchana kutwa, na pengine mtoto mchanga hushtuka usingizini. Hata hivyo yeye hulala muda mrefu zaidi kila usiku wenye zamu ya alfajiri. Hesabu hiyo, ukiijumlisha kwa mwezi mzima, si ndogo.

Arusha

Kiwanja cha Arusha kipo Kisongo, magharibi ya mji, mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Huu ni mji wa ndege ndogo, hasa Cessna Caravan yenye injini moja, zinazowapeleka watalii Seronera, Manyara na kwingineko mbugani. Vijana wengi huanzia kazi katika ndege za namna hii, wakikusanya saa za kuruka ambazo mashirika makubwa huzidai. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto la adhuhuri huizidisha wepesi. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka, na rubani hana budi kupima mzigo kwa uangalifu. Ni shule nzuri.

Viwanja vingi vya mbugani havina taa, hivyo kazi ni ya mchana na jioni baba au mama huonekana mezani. Lakini mwenye kukaa Arusha na ajihadhari na mambo mawili. La kwanza, kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kipo upande wa pili, karibu kilomita 50 kuelekea Moshi. Aliyepanga Kisongo akiambiwa zamu yake ni KIA, ameongezewa safari ya kuvuka mji. La pili ni masika. Aprili na Mei wageni hupungua na safari hupungua pamoja nao. Anayelipwa kwa saa anazoruka huona mfuko ukinywea, ilhali mwenye nyumba hapunguzi kodi.

Mwanza

Mwanza, mji wa mawe, una kiwanja chake kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Ilemela, mita 1,147 juu ya bahari. Rubani akipanga Pasiansi au Ilemela yu karibu mno na kazi. Kodi kwa kawaida ni nafuu kuliko Dar es Salaam, na samaki hawana haja ya kusafirishwa.

Ziwa lina tabia yake. Usiku pepo za nchi kavu hushuka kutoka pande zote, zikakutana juu ya maji ya vuguvugu, na mawingu ya radi hupanda hadi karibu na mapambazuko. Mchana mvua huhamia nchi kavu. Rubani anayeishi hapa huizoea tabia hiyo msimu kwa msimu, ingawa mazoea hayachukui nafasi ya taarifa za hali ya hewa. Upungufu ni kwamba ndege zinazolala Mwanza ni chache, na nafasi za kazi ni chache vilevile.

Unguja

Kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam ni kiasi cha dakika 20 kwa ndege, na karibu saa mbili kwa boti iendayo kasi. Kiwanja cha Abeid Amani Karume kipo Kisauni, jirani na Kiembesamaki na Mazizini. Mtu aliyepanga huko hufika kazini kabla chai haijapoa. Ukaribu huo wa Dar es Salaam una kishawishi chake. Rubani mwenye kituo Dar es Salaam hujiambia kwamba aweza kukaa Unguja, akavuka bahari kila zamu. Siku bahari ikichafuka, ama boti ikichelewa, amekwisha kuchoka kabla ya kuwasha injini.

Yaliyotokea Marekani

Huko Marekani, kukaa jimbo moja na kuripoti kazini jimbo jingine ni desturi ya marubani wengi. Tarehe 12 Februari, 2009, ndege ya Q400, jamii ile ile inayorushwa na Air Tanzania tangu 2016, ilianguka karibu na Buffalo ikitoka Newark. Walikufa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Nyumba ya rubani mkuu ilikuwa Florida. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, akivuka nchi nzima, ili aanze kazi Newark.

Wachunguzi walisema chanzo ni rubani mkuu kukosea alipopewa onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea. Waliongeza kwamba yaelekea uchovu uliwapunguzia wote wawili uwezo, ingawa haikuwezekana kupima kwa kiasi gani. Kanuni mpya zilizoanza kutumika 2014 zikawapa marubani wa abiria mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, nane kati yake za kulala. Lakini kanuni haimchagulii mtu mtaa wa kukaa.

Ushauri

Kituo nacho si cha milele. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1946, lilikuwa na makao yake Nairobi. Lilipovunjika 1977, Watanzania waliokuwa wamejenga maisha huko ilibidi waanze upya, na Machi mwaka huo Air Tanzania ikazaliwa. Precision Air nayo ilianza kuruka 1993 ikiwa Arusha, kisha ikahamia Dar es Salaam.

Kwa hiyo kijana unayeingia kazi hii, panga kwanza, usijenge haraka. Tafuta nyumba ambayo hata siku ya foleni haizidi saa moja kutoka kiwanjani, ijapokuwa mtaa wenyewe hauna sifa. Kaa na mwenzako mzungumze kazi yake na shule za watoto kabla ya kutia sahihi, kwani nyumba mbili katika miji miwili humfanya rubani kuwa msafiri hata siku zake za mapumziko. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Nawe msomaji, uwe dereva wa basi, muuguzi wa zamu ya usiku au fundi mitambo, ipime hesabu hiyo hiyo kwako. Kodi ya nyumba nafuu iliyo mbali hulipwa mara mbili: kwa fedha na kwa usingizi.