Jakuzi Nyumbani: Nani Atayatunza Maji?

Siku hizi tunaulizwa maswali ambayo walimu wetu wa madrasa hawakupata kuulizwa. Mojawapo ni hili: je, yajuzu kwa familia ya Kiislamu kuweka nyumbani birika la maji ya moto lenye pampu, lile ambalo wauzaji wa vifaa vya bafu hapa Mombasa huliita jakuzi? Aulizaye aghlabu hutarajia jibu la neno moja. Nasi neno hilo tunalo: asili ya vitu ni uhalali, na kuoga maji ya moto si dhambi. Lakini jibu hilo halimtoshi mwenye nyumba. Jakuzi hununuliwa siku moja tu. Uzito wake huonekana wiki ya tano, ya kumi na ya hamsini, wakati upya umekwisha na maji bado yapo pale pale yakingoja mtu wa kuyatunza.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba hii ni anasa ya kigeni isiyo na mizizi kwetu. Huko Kidichi, Unguja, Sayyid Said bin Sultan alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu ambayo jengo lake lasimama hadi leo. Mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akajenga mjini hamamu ya watu wote, na mtaa ule ukabaki na jina la Hamamni. Imamu Ghazali naye, katika Ihya, aliziandikia hamamu adabu zake: kusitiri uchi, kuinamisha macho, kutomwaga maji kupita haja, na kuukumbuka moto wa Akhera mtu anapouhisi ule wa dunia. Wazee wetu basi hawakuuliza tu kama hamamu ni halali. Waliuliza pia mtu ataingia vipi, na atatoka vipi.

Ama jina la jakuzi, hilo ni la ukoo wa Kiitaliano uliohamia California, Marekani, watu waliokuwa mafundi wa pampu za maji. Mmoja wao, Candido Jacuzzi, alikuwa na mwana mdogo aitwaye Kenneth aliyepatwa na baridi yabisi. Mtoto alikuwa akipata nafuu kwa kutibiwa hospitalini ndani ya maji yenye msukosuko. Baba akaunda pampu ya kutumbukizwa katika beseni la nyumbani, ili mwanawe aipate nafuu ile bila kungoja zamu ya hospitali. Mwaka 1956 pampu hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa watu, na mwaka 1968 Roy Jacuzzi, wa ukoo huo huo, akatengeneza birika lenye mabomba yake ndani kwa ndani. Hivyo kitu hiki ambacho leo huonekana katika picha za mahoteli kilianza kwa huruma ya mzazi kwa mgonjwa.

Huruma kama hiyo, ila ya mwana kwa mzazi, ndiyo iliyotuitisha mwaka jana katika nyumba moja ya hapa mjini. Mwana mkubwa wa nyumba hiyo afanya kazi Muscat. Mama yake ametimiza miaka 70, na magoti yamemsumbua kwa muda mrefu. Alfajiri hushika ukuta hadi afike msalani, na kwa miaka miwili sasa huswali kitini. Mwana alitaka kumnunulia jakuzi ya watu sita, iwekwe ghorofani, karibu na chumba cha mama. Kaka na dada wakafurahi. Tuliitwa ili tuseme kama yajuzu.

Aliyenyamaza alikuwa mkaza mwana, mke wa yule mdogo anayeishi na mama. Tulipomwomba naye aseme, alisema kwa upole: "Sheikh, mimi sikatai, mama huyu ni mamangu. Lakini mifereji ikikauka, ni mimi niitaye mkokoteni wa maji. Haya yakichafuka, ni nani atakayeinama kuyasafisha?"

Hakuna aliyejibu. Kisha bibi mwenyewe akasema: "Mwanangu, ikiwa raha yangu ni mgongo wako, basi siitaki."

Swali la mkaza mwana lilikuwa na fiqhi ndani yake kuliko lile tuliloitiwa. Wema kwa mzazi ni wajibu wa mwana. Mkaza mwana amtumikiapo mama mkwe, hiyo ni ihsani yake. Ihsani huombwa na kushukuriwa, haiamrishwi kwa simu kutoka ng'ambo. Atakaye kumfanyia mamake hisani, asiijenge juu ya jasho la mtu asiyeulizwa. Tukashauri kwamba kabla ya bei kutajwa, kazi yenyewe ihesabiwe mbele ya wote, na kila kipande chake kipate mwenyewe.

Tulianza na maji. Jakuzi ya watu sita huchukua kama lita 1,500, yaani mitungi 75 ya lita 20. Maji hayo hubadilishwa takriban kila miezi mitatu, na mapema zaidi yakitumiwa sana. Katika mji wetu, ambao maji yake hutoka mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na ambao mitaa yake hupata mfereji kwa zamu, idadi hiyo si ya kupuuzwa. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba kimoja na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Pishi ni kama lita tatu kwa hesabu ya leo. Hatusemi kwamba aliyezidisha pishi ameasi. Twasema tu kwamba ajuaye kipimo kile hawezi kuufungua mfereji bila kufikiri, hasa jirani yake anapopanga madumu barabarani. Maji ya visima vyetu vya mjini nayo mengi ni ya chumvi na chokaa. Chokaa huganda katika hita na kuiharibu kabla ya wakati wake.

Pili ni usafi, na hapa masomo ya madrasa na maneno ya mafundi yanakutana. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira, mwenye janaba amekatazwa kuoga ndani ya maji yaliyotuama. Alipoulizwa afanyeje basi, Abu Huraira alijibu kwamba mtu ayachote. Jakuzi ina pampu na mapovu, lakini maji yake ni yale yale yazungukayo. Kwa maana hiyo yametuama. Ni kweli kwamba yanapita kiasi cha kulateni, ambacho ni lita mia mbili na kitu, kwa hiyo hayanajisiki kwa kuguswa tu na najisi maadamu hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Hata hivyo adabu ni mtu ajitahirishe na kuoga kwa sabuni kwanza, ndipo aingie. Mafundi husema vivyo hivyo kwa sababu zao: jasho na mafuta ya mwili huimaliza dawa ya maji na kuziba chujio. Akina mama wajue kwamba mafuta ya nazi, liwa na singo ni maadui wakubwa wa chujio. Bibi harusi aliyepakwa singo aoge akatakate kabla ya kukaribia.

Dawa yenyewe ni klorini au bromini. Klorini isipungue miligramu 3 kwa kila lita, na kipimo cha asidi ya maji kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Vyote viwili hupimwa kwa vijikaratasi vinavyogeuka rangi, kila mara kabla ya mtu kuingia. Joto huifanya klorini iishe upesi, kwa hiyo dawa ya juzi si dawa ya leo. Dawa hizi zisichanganywe zenyewe kwa zenyewe wala na sabuni za msalani, kwani huweza kutoa hewa ya sumu, na ziwekwe mbali na watoto. Chujio lisuuzwe kila wiki. Umeme ukikatika kwa siku nzima, maji yasitumiwe mpaka yapimwe na kutiwa dawa upya. Maji ya vuguvugu yasiyotunzwa huzalisha vijidudu vya kuleta vipele vya ngozi, na vingine, viitwavyo Legionella, huingia mapafuni kwa mvuke na kuleta homa kali ya mapafu. Wazee wa Lamu walitia visamaki katika mabirika yao ili wale viluwiluwi vya mbu. Birika la moto halina samaki wa kulitunza, ila mtu mwenye ratiba.

Tatu ni mahali na umeme. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 1,500, pamoja na birika lenyewe na watu sita, zinapita tani mbili, na sakafu ya ghorofa ya nyumba ya zamani haikujengwa kwa mzigo huo. Umeme uwe na laini yake peke yake, wenye waya wa ardhi na swichi ikatayo mara moja umeme unapovuja, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni. Gharama nayo yahesabika: kupandisha lita 800 kutoka digrii 28 hadi 38 hutaka zaidi ya yuniti 9. Kifuniko kizito kikiwekwa kila mara, joto hilo hudumu na tokeni hazipotei angani.

Nne ni sitara na roho za watu. Nyumba zetu zimesongamana, na dirisha la jirani la ghorofa ya tatu huona uani kwetu. Jakuzi isiyo na ukuta na paa si ya mwanamke wa Kiislamu, wala si ya mwanamume. Simu ibaki nje. Ama watoto, kifuniko kiwe na kufuli na ufunguo uwe kwa mtu mzima, kwa maana mtoto mdogo huzama kimya kimya katika maji machache. Wenye nywele ndefu wazifunge juu, zisivutwe na tundu la kunyonyea maji.

Joto lisipite digrii 40 kwa yeyote, na dakika 15 zatosha. Mama mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, ajiepushe na maji ya moto kiasi hicho, kwani kuupandisha joto mwili wake ni hatari kwa mimba. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au kidonda amuulize daktari kwanza. Mwenye kisukari vilevile, kwa sababu huenda miguu yake isihisi moto hata ikiungua.

Bibi yetu yule ana sukari, na jambo hilo mwana wa Muscat hakuwa amelifikiria. Mama akapelekwa kwa daktari wake. Daktari akaruhusu kwa masharti: digrii 38, dakika kumi, joto lipimwe kwa kipimajoto na wala si kwa mguu, na asiachwe peke yake. Familia ikaacha jakuzi ya watu sita na kununua ya watu wawili, ya lita 800. Iliwekwa chini, uani, juu ya sakafu ya zege, ikazungushiwa ukuta na kuezekwa makuti. Mwana wa ng'ambo hutuma kila mwezi fedha za maji, tokeni na dawa, mbali na matumizi ya nyumba. Mumewe mkaza mwana ndiye ayamwagaye maji na kulisugua birika kila baada ya miezi mitatu. Huyaacha wazi siku kadhaa klorini ipungue, kisha huyatumia msalani na kuoshea ua. Mjukuu wa miaka 16 hupima maji na kuandika daftarini. Mkaza mwana amekabidhiwa ufunguo wa kifuniko, na hilo tu.

Hatudai kwamba bibi amepona. Magoti yangali yanauma, na msimu wa baridi huuma zaidi. Lakini hutuambia kwamba usiku aliooga hulala hadi alfajiri, na ukuta haushiki tena kwa mikono miwili. Mkaza mwana naye, mara moja moja, huingia pamoja naye, nao huzungumza mambo ambayo jikoni hayakuwa na nafasi.

Kwa familia zisizo na uwezo huo, au zisizo na maji ya kutosha, msione kwamba mmemnyima mzee wenu. Beseni la maji ya vuguvugu la lita kumi, chumvi kidogo, na mtu wa kuikanda miguu ya mama kwa robo saa, ni hisani kamili. Na kwa wenye uwezo, twawasihi mkutane kabla ya kwenda dukani, na kila mtu wa nyumba apewe nafasi ya kusema. Muanze na yule ambaye kwa desturi husema mwisho.

Wallahu aalam. Twamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowahudumia.