Sanduku Liitwalo Joe

Mwanagenzi wa kuunda programu mara nyingi huanza kwa kutishwa. Hajaona hata kitu kimoja kikisogea, tayari anakaririshwa: kiolezo ni hiki, kitu ni kile, urithi ni huu. Ni sawa na kumfundisha mtu mizani kabla hajasikia shairi likighaniwa. Wengi hukimbia, na hawana lawama.

Katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, miaka ya 1970, Adele Goldberg alishika njia nyingine. Watoto waliojifunza lugha ya Smalltalk walikutanishwa kwanza na sanduku lililochorwa kwenye kioo cha kompyuta, jina lake Joe. Joe akiamriwa ageuke, hugeuka. Akiamriwa akue, hukua. Kisha huumbwa sanduku la pili, lenye jina lake, na amri lipewayo hilo haimtikisi Joe. Asili yao moja, hali zao mbali mbali. Ndipo mtoto alipofunuliwa kile kiolezo kilichowazaa wote wawili, akakiongezea amri alizozitunga mwenyewe. Msichana mmoja wa miaka 12 aliendelea hata akaunda programu ya kuchorea picha.